Kibogoyo na Daftari la Tatu

Rumonge, 28 Februari 1962

Leo ni wiki moja tangu Amisi afariki. Pascasie, mwalimu wa shule ya wasichana, ameniletea daftari la mistari la wanafunzi wake akasema niandike, kwamba mtu akiziandika siku, siku hupita. Nimemwambia zangu zimefungwa: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, kanga mbili zilizopauka, bila wanja wala manukato, mpaka tarehe 29 Juni kwa hesabu ya Mzee Lukeba. Eda ni eda. Pascasie ni Mkatoliki, akauliza kama naruhusiwa kucheka. Nimesema sijui, sijajaribu.

3 Machi

Mvua.

8 Machi

Idd. Watu wamekuja kwa wingi na sahani zilizofunikwa. Radjabu, mdogo wake Amisi, amekaa kwenye kiti cha Amisi bila kuuliza. Nimeona, nimenyamaza, na hapa naandika.

15 Machi

Jirani mmoja amenishauri nisiruhusu tena "ule mchezo" barazani kwangu. Nieleze basi mchezo wenyewe, ili Zena wangu aliyeolewa Kabonga akisoma siku moja asidhani mama yake alichanganyikiwa.

Unaitwa Ng'ambo. Ameuanzisha Mzee Lukeba, mshonaji, aliyetoka Maniema, ng'ambo ya ziwa, akiwa kijana. Panatandikwa mkeka, juu yake ziwa limechorwa kwa mkaa, lakini si ziwa letu: lina visiwa visivyokuwepo, lina mji chini ya maji, lina nyoka mwenye taa kichwani. Kila mchezaji ana mtu wake, kijiti cha mvule alichokichonga Amisi kwa mabaki ya mitumbwi yake. Ukitaka kufanya jambo unalisema, kwamba mtu wangu anaogelea mpaka kisiwani, au anamdanganya nyoka, kisha unatupa vipande vinne vya kokwa za chikichi. Upande mweupe ukiangalia juu, kheri. Msimulizi, yaani Lukeba, anakwambia yaliyokupata. Kila msimu wa mvua ambao mtu wako ameuvuka akiwa hai, unafunga fundo moja kwenye uzi wake wa nyavu, na mafundo yanahesabiwa pamoja na nyeupe zako.

Kanuni ziko kwenye madaftari mawili. La kwanza aliliandika Lukeba mwaka wa 1948, fupi na kali: mtu akifa amekufa, mwenyewe, yaani mchezaji wake, anamzika nyuma ya nyumba, na anakaa pembeni mpaka mvua nyingine. La pili aliliandika Casimir, karani wa kiwanda cha mawese, mwaka wa 1955. Huyo ni mtu wa mistari. Akaongeza kazi za watu, mvuvi, mganga, mwindaji, akaongeza ukurasa mzima wa wanyama na nguvu zao, akaruhusu majeruhi watibiwe na wanawake waingie. Amisi alikuwa akisema la kwanza lilikuwa na hofu, la pili lina hesabu. Alicheza yote mawili.

Mtu wa Amisi ni Kibogoyo, mvushaji asiye na hata jino moja, anayebishana na viboko. Ana mafundo kumi na manne. Amisi alikuwa akiikunja midomo ndani kumsemesha, na mimi nikikaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, nyuma ya pazia nilicheka mpaka nikaunguza. Sasa niandike lile linalonitisha. Sauti ya Amisi mwenyewe imeanza kunipotea. Ya Kibogoyo bado ninayo.

Kwa daftari la kwanza, mtu ambaye mwenyewe amekufa kweli hukaa pembeni ya mkeka hadi arobaini, kisha mrithi wa kiume humwinua. Mrithi ni Radjabu.

1 Aprili

Arobaini. Hitma imesomwa, watu wameshiba. Lukeba amesema baraza ya Amisi haitafungwa, mchezo utaendelea Jumapili baada ya alasiri, nami nitakuwa ndani nyuma ya pazia kama siku zote. Wanawake wameguna. Radjabu amemwinua Kibogoyo akamtia mfuko wa shati.

8 Aprili

Wamecheza. Radjabu hakumpa Kibogoyo sauti yoyote. Alimfanya apige mateke, apindue mitumbwi, awanyang'anye wavuvi samaki wao, na kwa mafundo kumi na manne hakuna lililomshinda. Kisha akamlazimisha Chumvi, mtu mpya wa Pascasie baada ya wa kwanza kuzama, ambaye hana fundo hata moja, abebe mtumbwi mzima kichwani kutoka ufukweni hadi msituni, kama vile kutoka hapa mpaka Kigwena. Pascasie akabeba. Mwenye fundo sifuri atakataa kwa nguvu gani?

Nilikuwa nimeuma ncha ya kanga. Huyo hakuwa Kibogoyo. Huyo alikuwa mhuni aliyevaa kijiti cha mume wangu.

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua. Ziwa limepanda mpaka kwenye michikichi ya mbele. Ndagala hazikauki, mtaa mzima unanuka.

15 Aprili

Leo nimepata adui mwingine. Baada ya mchezo Casimir amesimama, nimemwona kwa tundu la pazia, kalamu sikioni, akasema ameandika daftari la tatu. Nchi inapata uhuru tarehe mosi Julai, alisema, na Ng'ambo pia inahitaji kuanza upya. Mafundo yote yafunguliwe. Watu wote wa zamani wakusanywe na kuwekwa. Kila mchezaji aunde mtu mpya, na wote waanze sawasawa.

Radjabu akamwambia anaota. Casimir akajibu polepole:

"Munaona Pascasie? Iko mwaka moja na nusu anacheza na sisi. Amefanya nini? Amebeba mizigo. Nani mupya atakuja, kama ya kwanza mpaka ya mwisho ni kubebea wazee mizigo?"

Pascasie alisema ni kweli. Pascasie wangu, aliyeniletea daftari hili. Alipoingia ndani baadaye kunisalimu sikumpa chai. Akasubiri, akaona haiji, akaniaga kwa Kirundi, "Amahoro, Mama Zena," akaenda zake.

Lukeba hakukata shauri. Macho yake yameshaingia ukungu, hawezi kusoma, kwa hiyo amesema anataka asomewe daftari lote mpaka lisimame kichwani. Likisimama, linakiliwe mara nne, na mwenye kunakili ni mimi, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mtu yeyote mtaani. Baba yangu ndiye aliyenifundisha, juu ya karatasi za kufungia sukari. Sasa mwandiko huo ndio utakaomfuta Kibogoyo.

16 Aprili

Mvua ya mawe. Nimekula peke yangu.

22 Aprili

Pasaka ya Wakristo, hakuna mchezo. Pascasie ameleta ndizi na maharage yaliyoungwa mawese, akayaacha mlangoni. Nimeyala. Sikumwita.

6 Mei

Casimir amemsomea Lukeba daftari lote, mara ya pili sasa, kisha amenipitishia chini ya pazia. Nimelisoma lote kwa siku moja. Ni zuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Usimulizi utazunguka, kila Jumapili mtu mwingine, mwanamke kwa mwanamume. Mchezaji anaweza kuuliza swali kabla ya kutupa kokwa. Ipo kanuni ya tano: mtu akishindwa na maji au mnyama, mwenyewe ndiye atakayesema kama amekufa au ametupwa ufukweni na jeraha, na hakuna atakayembishia. Lukeba alipoisikia hiyo, Pascasie ananiambia, alicheka akasema siku hizi hata kifo kinaomba ruhusa. Ndiyo, naongea na Pascasie tena. Mtu hawezi kukaa eda na hasira pamoja, nyumba ni ndogo.

Kisha kanuni ya saba: mtu wa mkeka harithiwi. Wa zamani wote watiwe katika kopo moja nyumbani kwa Lukeba.

Kibogoyo ndani ya kopo la maziwa ya unga.

9 Mei

Nakala ya kwanza imekwisha. Mvua kidogo.

12 Mei

Nimefanya jambo.

Nilikuwa kwenye nakala ya pili, kanuni ya saba. Nikaandika "mtu wa mkeka harithiwi," na kabla sijaweka nukta, mkono ukaendelea: "isipokuwa yule ambaye mwenyewe amekufa kweli; huyo atachukuliwa na mjane wake, akimtaka." Nikaitazama sentensi. Ilikaa vizuri kabisa, kama ya Casimir, hata ile nukta mkato ni yake. Nikaichukua nakala ya kwanza, kulikuwa na nafasi mwishoni mwa mstari, nikaijaza. Ya tatu na ya nne nikaziandika hivyo hivyo.

Daftari la Casimir la asili nimelirudisha na nakala nne juu yake. Nimekuwa mwizi nikiwa na tasbihi shingoni. Najisikia vibaya, lakini si vibaya vya kutosha kuzichana.

14 Mei

Idd ya kuchinja. Nimeomba msamaha kwa ujumla, bila kutaja.

20 Mei

Leo wamesoma. Mvua haikunyesha, baraza imejaa, hata vijana wawili wapya kutoka Gitaza waliokuja kununua mawese wamekaa kusikiliza. Casimir alichukua nakala moja ya mwandiko wangu akasoma kwa sauti ya ofisi, kanuni baada ya kanuni.

Akafika ya saba. Akasoma "harithiwi." Akaisogeza karatasi karibu na macho. Yeye ndiye aliyeandika daftari, anajua kila neno alilolitia na kila alilolitoa. Nikajua nimekwisha, ataniumbua mbele ya mtaa, na stahili yangu. Akakohoa. Kisha akasoma sentensi yangu yote, polepole, mpaka "akimtaka," na akageuza ukurasa.

Radjabu akasema, "Ngoja. Hiyo imetoka wapi? Kibogoyo iko yangu, niko mrithi."

"Iko imeandikwa," Casimir alisema.

"Mzee Lukeba, weye ulisomewa. Ulisikia maneno ile?"

Lukeba aliokota kokwa moja akaizungusha kiganjani. Watu wa mtaa huu wanajua kuwa mzee huyu hajawahi kusahau kanuni moja ya mchezo wake, na hajawahi kudanganya juu ya kokwa hata ilipotua kwa ubavu. Mwishowe akasema, "Soma tena." Casimir akasoma tena. Lukeba akasema, "Nimesikia. Endelea."

Radjabu akamtoa Kibogoyo mfukoni, akaja mpaka kwenye pazia, akamweka chini sakafuni, akaondoka bila kumaliza chai. Niliupitisha mkono chini ya pazia nikamchukua. Alikuwa na joto la mfuko wake.

21 Mei

Lukeba amekuja asubuhi, akakaa upande wake wa pazia. Hakuzunguka.

"Ile kaye ya Casimir nilisomewa mara mbili. Ile maneno haikuwa mule."

Nikasema, "Hapana, baba. Niliitia mimi."

"Najua ni weye. Nani mwingine?" Nikamsikia akikuna ndevu. "Jana nilisema nimesikia. Kweli nilisikia, Casimir alikuwa anasoma. Kwa hiyo sikusema bongo, sikudanganya, lakini bongo ilikuwa karibu sana. Mwaka ya arobaini na nane niliandika mrithi ni mwanaume kwa sababu hakuna mutu alinionyesha ingine. Ningekuwa na akili, ningaliiandika miye. Lakini uliiba, binti yangu."

Nimelia. Amenisubiri nimalize, kisha akaomba maji ya kunywa, akaenda kushona.

27 Mei

Casimir naye. Alikuja baada ya mchezo, wengine walipokuwa wakikunja mkeka.

Kwa wiki sita nimemwandika hapa kama adui, hivyo nataka nimtendee haki. Aliongea kwa heshima, akaniita Mama Zena, akauliza hali ya Zena kule Kabonga. Kisha akasema angeweza kuniumbua, na alitaka. Alikuwa amefungua mdomo. Lakini akakumbuka kwamba daftari la haki kwa wapya lilikuwa linamtupa nje mtu mmoja ambaye hata hajaruhusiwa kukaa mkekani kulipinga, naye mtu huyo ndiye aliyelinakili.

"Niliona aibu," alisema. "Basi nikasoma. Sasa miye naomba kitu moja kwako. Kibogoyo aingie, lakini aingie sawa na wengine. Bila fundo. La sivyo ile kitabu yote iko uongo."

Nilitaka kumuuliza anayatoa wapi maneno hayo, mafundo yale ni miaka ya mume wangu. Nikamkumbuka Chumvi na mtumbwi kichwani. Nimesema nitafikiri.

28 Mei

Nimefikiri. Nimechukua sindano nene ya kushonea magunia.

Mafundo ya miaka ya karibuni yalifunguka upesi. Ya zamani yameshiba mawese ya mikono ya Amisi na yamekuwa magumu kama punje. La 1959 alilifunga siku aliyokuwa na homa, akakataa kulala kabla hajalifunga. La 1953, mwaka wa surua ya Zena. Hakucheza karibu msimu mzima, lakini Kibogoyo alivuka kwa sababu Lukeba alimwacha amelala ndani ya mtumbwi. La 1948 lilinitoa damu kidole. Kutoka adhuhuri mpaka alasiri, yote kumi na manne. Uzi umebaki na mikunjo mahali mafundo yalipokuwa, lakini ukiuvuta unanyooka.

3 Juni

Radjabu amekuja. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikaketi wima. Akasema, "Shemeji, sikuja kugombana." Halafu akawa anasugua kisigino chake ukutani kama alivyofanya tangu utoto, Amisi alikuwa akimkemea.

Mwishowe akanieleza. Jumapili ile ya kwanza alitaka kumsemesha Kibogoyo. Alijizoeza peke yake ziwani, akikunja midomo. Lakini alipokaa mkekani na kufungua kinywa, akahisi kilio kinakuja badala ya sauti, na watu wote wakawa wanamtazama. Akaona bora ampige mtu teke kuliko alie mbele ya Casimir.

"Iko kaka yangu," alisema. "Ulifikiri namutaka kwa nini?"

Nilifikiri anamtaka kama alivyotaka kiti. Sikumwambia hivyo. Nimemwambia sentensi ile ya kanuni ya saba niliitia mimi, kwamba nilimnyang'anya. Kisha akasema alishajua, hakuna mwingine mtaani anayeandika "akimtaka" badala ya kuamuru. Akaniomba chai.

10 Juni

Jua. Ndagala zimekauka siku moja.

17 Juni

Kila mtu amechonga mtu wake mpya. Wa Radjabu ni kijana mpiga kasia, jina Tundu. Kwa anavyosema, Tundu ni mwoga sana.

24 Juni

Wanafunzi wa Pascasie wanapita barabarani wakijizoeza nyimbo za uhuru tangu asubuhi. Sasa hata mimi ninazijua.

29 Juni

Nimeoga, nimevaa kanga mpya, nimepaka wanja. Nimetoka. Ziwa limekula ufukwe wote niliouacha. Nilisimama tu. Watu walinisalimia, nami nikaitikia.

1 Julai

Uhuru. Ngoma, bendera, Casimir amevaa tai. Mzee Lukeba alikaa nami kivulini, akauliza kama mtu aliyezaliwa Maniema na akashonea Rumonge miaka arobaini ni mtu wa wapi kuanzia leo. Casimir alisema ataulizia ofisini. Alisema kwa upole, lakini hakusema ndiyo.

8 Julai

Leo nimekaa mkekani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kati ya Radjabu na Lukeba, na Pascasie akawa msimulizi. Sote bila fundo. Sikujua mikono niiweke wapi, nikamshika Kibogoyo kwa yote miwili.

Tulikuwa tunavuka kwenda mji wa chini ya maji. Pascasie anasimulia vizuri, hana haraka, anakuacha uogope. Nyoka mwenye taa akatokea, mtumbwi ukapinduka, kila mmoja akatupa kokwa. Lukeba na Casimir waliokoka. Mimi nilipata nyeupe tatu, Kibogoyo akashika ubao. Radjabu akatupa: zote nne nyeusi. Tundu anazama.

Radjabu akacheka kidogo, akasema basi. Kanuni ya tano ingemruhusu kuokoka, lakini ana kiburi cha familia ile, hakutaka kuiomba.

Nikaikunja midomo ndani. Sikuwa nimepanga. Sauti ikatoka kama ilivyokuwa ikitoka kupitia pazia, na Kibogoyo akamwambia Tundu, "Kijana, mimi sina hata jino, huyu nyoka akinila hatapata faida. Kamata huu ubao." Radjabu akaufunika uso kwa mikono.

Pascasie akaniambia nitupe. Mafundo kumi na manne yangemfikisha ufukweni akipiga mluzi. Nilitupa: nyeusi, nyeusi, nyeusi, nyeupe. Pascasie akatazama kokwa, akanitazama. Alisema Tundu ameushika ubao, na taa ya nyoka imemfikia Kibogoyo, naye anazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Mama Zena, kaye ya tatu inasema ni weye wa kusema. Amekufa, ao maji imemutupa inje?"

Wote walikuwa wananisubiri. Casimir aliinamia daftari lake kana kwamba kuna kitu anatafuta. Kama ningesema maji yamemtupa, hakuna ambaye angenibishia. Ningerudi naye Jumapili ijayo na Jumapili nyingine, mpaka nizeeke.

Nimesema, "Amekufa."

Lukeba akaniambia kwamba la tatu halisemi nini kifanyike baada ya hapo, lakini la kwanza linasema: mwenyewe anamzika. Tukaenda nyuma ya nyumba, wote. Radjabu akaleta jembe, akachimba hatua mbili kutoka jikoni, akanipisha. Amisi walimchukua wanaume, nami kama wanawake wote nilibaki ndani nikasikia hatua zao mpaka zikapotea. Huyu nimemshusha mimi. Nimemlaza ubavu, uzi wake umenyooka pembeni, nikamfukia kwa mikono mpaka udongo ukaingia kwenye kucha.